Kano ya bega imekatika: nipasuliwe kwa kamera au kwa kisu?

BARUA

Dada mshauri, habari za kazi.

Mimi ni fundi wa mitumbwi hapa Igombe, pembeni ya jiji la Mwanza. Nina miaka 56, na kazi hii nimeianza tangu nikiwa mtoto wa kumshikia baba misumari. Mkono wangu wa kulia ndio umesomesha watoto wanne. Sasa umelala.

Wiki tisa zilizopita tulikuwa tunashusha majini mtumbwi mpya wa futi 28. Tuliuweka juu ya magogo, vijana wanasukuma kwa nyuma, mimi niko ubavuni. Gogo moja likateleza, mtumbwi ukalalia upande wangu, nikaudaka kwa mkono wa kulia ukiwa umenyooka. Nikasikia begani kitu kinalia kama kamba inayokatika. Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nikashindwa kuinua kikombe cha chai kifike mdomoni, ikabidi niiname mimi nikifuate.

Nilianza kwa mzee mmoja anayechua. Wiki mbili, maumivu yakazidi. Nikaenda zahanati moja ya binafsi, wakanipiga eksirei, wakasema mfupa ni mzima, huna kitu, wakanichoma sindano begani. Baada ya wiki tatu wakanichoma nyingine. Maumivu yakapungua lakini mkono haukuinuka. Mtoto wa dada yangu ambaye ni muuguzi ndiye aliyenisukuma niende kwa daktari wa mifupa, nikapimwa MRI, kipimo cha picha kinachoona hata kano. Karatasi inasema kano ya juu ya bega, wanaiita supraspinatusi, imekatika yote na imerudi nyuma sentimita 3, na msuli wake haujajaa mafuta.

Sasa vurugu imeanzia hapo. Daktari wa huku anasema atafungua bega kwa mpasuko mdogo aishone kano kwenye mfupa, na nafasi ipo baada ya wiki tatu. Mwanangu aliye Dar es Salaam hataki kusikia. Anasema kufungua ni mambo ya zamani, siku hizi wanaingia kwa kamera, na amenitumia video ya daktari wa nje anayesema nanga za kushikilia kano lazima ziwe safu mbili, safu moja ni kazi ya kulipua. Amepiga hesabu: nikiuza injini ya mashua na mbao za mninga nilizokausha miaka miwili, na yeye akimaliza mkopo alionao, baada ya miezi mitano tutakuwa na fedha ya kufanyiwa hiyo ya kamera. Mama watoto naye anasema nisikatwe kabisa, maana dada yake alikuwa na bega hilohilo akapona kwa mazoezi.

Nieleze bila kunificha. Ipi ni bora, kamera au kisu? Na hizo safu mbili ni lazima? Sigara navuta, siyo nyingi.

Fundi wa Igombe


JIBU

Shikamoo baba fundi, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu kuna neno moja umelipita haraka ambalo kwangu lina uzito kuliko kamera, kisu na nanga zote ukizijumlisha. Nitalifikia.

Kwanza ujue nani anakujibu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, sishiki kisu. Kazi yangu inaanza pale daktari anapofunga uzi wa mwisho. Kwa miaka yangu ya kazi hapa Mwanza nimepokea mabega yaliyoshonwa kwa kamera na yaliyofunguliwa, yenye nanga na yasiyo na hata moja. Nakueleza ninachokijua kutokana na mabega hayo na kutokana na tafiti, kisha uamuzi wa mwisho utaukalia na daktari wako.

Jibu langu kwa kifupi: usisubiri miezi mitano. Kama daktari wa huku anaifanya kazi hiyo mara kwa mara na anakujibu maswali vizuri, nafasi ya wiki tatu zijazo ina thamani kwako kuliko kamera ya baada ya miezi mitano.

Sasa nikuoneshe kwa nini. Bega siyo kama nyonga, ambako mfupa umezama ndani ya shimo. Bega ni chungwa juu ya kisahani. Kinacholizuia chungwa lisiviringike ni kano nne zilizolikumbatia mbele, juu na nyuma, na iliyokatika kwako ni ile ya juu. Msuli mkubwa wa nje, ule unaoonekana umevimba kwa vijana wanaobeba magunia sokoni Mwaloni, bado ni mzima, lakini ukivuta peke yake unalipandisha chungwa juu ligonge dari la bega badala ya kuuinua mkono. Ndiyo maana ulikifuata kikombe badala ya kikombe kukufuata wewe. Na ndiyo maana eksirei haikuonesha kitu: eksirei inaona mfupa, kano haizioni. Kuambiwa "huna kitu" kwa kutazama eksirei peke yake, kwa mtu aliyesikia bega likilia na mkono ukagoma kesho yake, hilo liliniuma kulisoma. Wiki kadhaa zimepotea hapo.

Kano ikikatika haikai pale ilipokatikia ikisubiri kushonwa. Msuli wake unaivuta kurudi nyuma, kama kamba ya tanga iliyoachiwa. Kadiri siku zinavyokwenda msuli unasinyaa, unakuwa mgumu, na nyama yake inaanza kugeuka mafuta. Daktari mmoja Mfaransa aitwaye Goutallier aliweka kipimo cha mafuta hayo mwaka 1994, kuanzia 0 hadi 4, na madaktari wa mabega wanakitumia mpaka leo. Ubaya wa mafuta hayo ni kwamba yakishaingia sana hayatoki, hata kano ishonwe vizuri namna gani. Msuli wa namna hiyo ni kama mpira wa manati uliokaa juani: unaufunga vizuri tu, lakini hauvuti tena.

Ndilo hilo neno ulilolipita: "haujajaa mafuta". Baba, hiyo ndiyo habari njema kuliko zote kwenye karatasi yako. Maana yake msuli wako bado ni wa kazi na unangoja kuunganishwa. Miezi mitano ukijumlisha na wiki tisa ulizokwisha kukaa ni zaidi ya miezi saba. Kwa kano iliyokatika kwa ajali, madaktari wengi wa mifupa hupenda kuishona ndani ya miezi michache ya mwanzo, wakati bado inavutika kufika kwenye mfupa bila kulazimishwa. Mwanao anapanga kukununulia upasuaji mzuri zaidi, na kwa nia njema kabisa, lakini bei yake nyingine ni msuli wenyewe.

Tuje kwenye kamera na kisu. Kushona kano ya bega siyo jambo la juzi. Ernest Codman, daktari wa Boston kule Marekani, aliandika kuhusu kazi hiyo mwaka 1911, na alifanya kwa kufungua. Kwa miongo mingi baada yake kufungua ndiyo ilikuwa njia, na kulikuwa na ubaya mmoja wa kweli: madaktari wa zamani waliubandua ule msuli mkubwa wa nje kutoka kwenye mfupa wa dari la bega ili waone ndani, kisha wakaurudishia. Ukishindwa kushika vizuri, mtu alibaki na tatizo kubwa kuliko alilokwenda nalo. Mpasuko mdogo wa siku hizi ni kitu kingine. Msuli haubanduliwi, unapanuliwa kwa kufuata nyuzi zake, kama unavyopasua ubao kwa kufuata mshipa wake badala ya kuukata kwa kuuvuka. Hata huko kuna mpaka, maana kiasi cha sentimita 5 chini ya dari la bega unapita mshipa wa fahamu unaoendesha msuli huo, na daktari mzoefu hashuki kuufikia.

Kamera nayo ina mazuri yake na sitayapunguza. Matundu matatu au manne ya kupitisha kalamu, kovu dogo, maumivu madogo zaidi siku za mwanzo, hatari ya vijidudu kuingia ni ndogo, na daktari anaona chumba chote cha bega, hata kano ya mbele na ile ya msuli wa mkono inayopita humo. Kama una uwezo wa kuipata wiki ijayo kwa daktari aliyeizoea, ipokee kwa mikono miwili. Nchini mwetu inafanyika, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni mahali pamoja pa kuulizia, na ningependa mwanao aende akaulize kwa mdomo wake foleni ni ya muda gani na gharama ni kiasi gani kabla hamjauza hata ubao mmoja.

Lakini baada ya mwaka au miwili, ukimsimamisha aliyefanyiwa kwa kamera na aliyefunguliwa, je, mabega yao yanatofautiana? Uingereza walitaka kujua jambo hilohilo. Waliwachukua watu 273 wenye miaka 50 na kuendelea, watu wa rika lako, wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine kamera wengine kufunguliwa, wakawafuatilia miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kwa maumivu na kwa matumizi ya mkono hapakuwa na tofauti. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa. Na walipopimwa tena, kwa takriban watu wanne kati ya kumi kano haikuwa imeshika, iwe kwa njia hii au ile. Usishtuke na idadi hiyo, wengi wa hao nao walikuwa na nafuu kuliko walivyokuwa kabla ya upasuaji. Lakini ambao kano yao ilipona ndio waliofanya vizuri zaidi, na wewe unayepiga nyundo juu ya kichwa unaihitaji kano iliyopona, siyo nafuu ya kulala tu.

Kwa hiyo swali siyo tundu au mpasuko. Swali ni nini kinaifanya kano ishike.

Na hapo naingia kwenye nanga, jambo ambalo wewe utanielewa haraka kuliko wagonjwa wangu wote. Nanga ni kijipande kidogo kama parafujo, cha chuma au cha plastiki maalumu, kinachozamishwa kwenye mfupa kikiwa na nyuzi. Nyuzi zinapitishwa kwenye kano, zinafungwa, kano inabanwa mahali ilipokuwa. Safu moja maana yake nanga zinapangwa mstari mmoja. Safu mbili, mstari mmoja unakaa ndani karibu na gegedu, mwingine nje, nyuzi zinavuka katikati, na kano inalazwa juu ya eneo pana la mfupa. Ni kama kupigilia ubao kwenye taruma kwa mstari mmoja wa misumari au miwili. Kwenye meza ya maabara miwili inashinda, hilo halina ubishi: inahimili mvuto zaidi na kano inagusa mfupa kwa upana zaidi.

Kwa binadamu aliye hai mambo hayajanyooka hivyo. Tafiti zilizowalinganisha wagonjwa kwa bahati nasibu, kwa wastani, zimekuta maumivu na nguvu vinakaribiana. Faida ya safu mbili inaonekana zaidi kwenye picha: kano zilizochanika tena ni chache kidogo, hasa pale mpasuko wa kano ulipokuwa mkubwa. Wako wa sentimita 3 uko hapo mpakani, na ndiyo maana daktari wa kwenye video hakosei akisema anapenda safu mbili. Anakosea akisema ni lazima. Halafu kuna upande ambao video hazipendi kuueleza. Safu mbili inatumia nanga nyingi zaidi, mara nyingi maradufu, na kila moja ina bei yake. Tena zikikazwa sana kwenye kano iliyochoka au iliyovutwa kwa nguvu, kano inakatikia ndani zaidi, karibu na nyama, na kinachobaki ni kipisi kifupi kisichoshoneka tena kirahisi. Umewahi kuona ubao ukipasuka kwa sababu fundi mwenye wasiwasi ameujaza misumari. Ubao mzima uliokaa bila kulazimishwa, msumari mmoja mahali pake unautosha. Ubao uliooza hata ukiupigilia kumi ni bure.

Iko pia njia ya kale isiyo na nanga hata moja. Daktari anatoboa vitundu kwenye mfupa wenyewe, anapitisha nyuzi humo, anaifunga kano juu yake. Inafanyika kwa kufungua, na wengine huifanya kwa kamera. Daktari wako amekwambia "nitaishona kwenye mfupa" bila kutaja nanga, kwa hiyo huenda ndiyo anayoikusudia. Usiidharau. Nina mzee mmoja, mvuvi kutoka upande wa Sengerema, alishonwa hivyo. Wakati huo daraja la Kigongo hadi Busisi lilikuwa bado linajengwa, lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo kila alipokuja kwangu alivuka kwa kivuko akiwa amefungwa mkono kifuani na khanga ya mkewe, amekaa pembeni kabisa mtu asimpige kikumbo. Hakukosa siku hata moja. Miezi minane baada ya kushonwa alinionesha anavyoshika kasia. Kwa mkono uleule.

Na nina mama mmoja wa dagaa pale Mwaloni wa Kirumba. Alishonwa kwa kamera, safu mbili, kazi safi, nilipoziona picha zake nilifurahi. Wiki ya tano maumivu yalikuwa yameisha. Mtu akamwita amsaidie kushusha gunia kwenye gari, akasaidia. Alinipigia simu jioni ile akilia. Sikuwa na la kumwambia isipokuwa aje asubuhi.

Ndiyo maana nakuuliza jambo ambalo hukuniandikia: nani atashika nyundo kwa miezi sita? Maana hiyo ndiyo gharama halisi ya upasuaji huu, kwa njia yoyote ile. Wiki nne hadi sita mkono unakaa kwenye mkanda wa kuuning'iniza, usiku na mchana, unautoa kwa kuoga na kwa mazoezi tu. Utajifunza kuinama umeegemea meza kwa mkono mzima, huku mwenzake ukining'inia na kuyumba taratibu, na zoezi hilo bado linaitwa kwa jina la yule Codman. Mimi au mwenzangu tutauinua mkono wako, wewe hutauinua. Baada ya hapo unaanza kuuinua mwenyewe bila uzito. Kukaza nguvu kunaanza kama wiki ya 12, kwa mpira mwepesi wa kuvuta. Tezo, nyundo juu ya kichwa na kusukuma mtumbwi, usiviwaze kabla ya miezi sita kuisha, na kwa kazi yako mimi nitataka zaidi. Kano haiungani na mfupa kwa sababu uzi umefungwa vizuri. Uzi unaishikilia tu mpaka mwili uifungie wenyewe, na mwili hauna haraka.

Maumivu yataisha kabla kano haijapona. Hapo ndipo watu wanaharibikiwa, hasa watu wachapakazi, na wewe barua yako inaonesha ni wa namna hiyo.

Sasa mama watoto. Mwambie hakukosea, ila amelinganisha mabega mawili tofauti. Kuna kano zinazochakaa taratibu kwa umri, hazina siku ya ajali. Kwa hizo mazoezi yana nguvu kubwa. Ufini walilinganisha mabega 180 ya watu waliozidi miaka 55 wenye mpasuko usiotokana na ajali, na mwaka 2014 wakaripoti kwamba baada ya mwaka mmoja mazoezi peke yake hayakuzidiwa na upasuaji. Marekani nako waliwafuatilia zaidi ya watu 400 wenye tatizo la namna hiyo, wakawaanzisha mazoezi, na ndani ya miaka miwili chini ya robo yao ndio walioishia kupasuliwa. Inawezekana kabisa shemeji yako alikuwa wa kundi hilo, na mimi ningempa mazoezi bila kusita. Wewe ulikuwa unainua mbao leo, kesho yake ukashindwa kikombe. Hiyo ni ajali. Tena Norwei waliwafuatilia kwa miaka 10 watu 103 wenye mipasuko midogo na ya kati, na walioshonwa mwanzoni walikuwa na hali bora kuliko walioanza na mazoezi. Mazoezi utayafanya baba, mengi mpaka uyachoke, lakini baada ya kushonwa.

Sigara. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Umeandika "siyo nyingi". Mahali kano inapoungana na mfupa damu ni kidogo kwa asili yake, na moshi unaipunguza hata hiyo. Acha leo, siyo siku ya upasuaji, na usirudie walau mpaka mkono ushike kazi. Ni dawa unayoweza kujipa bure, na naamini itakusaidia kuliko safu ya pili ya nanga. Kapime sukari pia wiki hii, wanaume wengi wa umri wako wanaigundua siku ya kupasuliwa, na sukari iliyopanda inachelewesha kupona na kukaribisha vijidudu. Zile sindano mbili za begani, nenda ukaulize zahanati ni dawa gani na tarehe ngapi, waandike kwenye karatasi, umpe daktari. Mara nyingi huwa ni dawa ya kutuliza uvimbe ambayo ikichomwa karibu na siku ya upasuaji inaongeza hatari ya vijidudu, na anaweza kuamua kusogeza siku kidogo. Kusogeza wiki mbili kwa sababu hiyo ni sawa. Usichomwe nyingine. Na kuchuliwa kuishe.

Ukikaa na daktari, usimuulize "kamera au kisu". Muulize kano hizi anazishona mara nyingi kiasi gani, na kama aliowashona hurudi kumwona. Muulize ule msuli wa nje ataubandua au ataupanua kwa kufuata nyuzi zake, nami ningependa kusikia la pili. Muulize atatumia nini kuishikilia kano, na kama ni nanga, bima yako inazilipia au zinanunuliwa pembeni, maana watu wameshtukizwa na bei hiyo wakiwa tayari wamelazwa. Akikwambia atanyoa pia mfupa wa dari la bega, muulize sababu, kwa kuwa unyoaji huo zamani ulifanywa karibu kwa kila mtu na siku hizi faida yake inatiliwa shaka. Na muulize atafanya nini akifungua akakuta kano haifiki. Daktari anayejibu swali hilo kwa utulivu ameshawahi kulikuta, na huyo ndiye unayemtaka. Akikasirika kuulizwa, panda Hospitali ya Bugando uombe maoni ya daktari mwingine wa mifupa. Ni haki yako, na hakuna aliyekosewa heshima.

Nenda na mwanao, hata kwa simu iliyowekwa sauti mezani. Kijana anakupenda, anataka baba yake apate kilicho bora, na anachohitaji ni kusikia kwa masikio yake kwamba kilicho bora kwa bega hili ni muda. Fedha aliyopanga kuweka kwenye kamera mwambie aigawe: nauli ya bajaji ya kuja mazoezini mara mbili kwa wiki, maana bodaboda ukiwa na mkono umefungwa siitaki hata kuisikia, na posho ya kijana atakayesimama karakana wewe ukiwa umekaa kwenye kigoda unamwelekeza kwa mdomo. Mtumbwi unaweza kuujenga kwa mdomo, baba. Baba yako alikujengea hivyo wewe ukimshikia misumari.

Kabla ya siku yenyewe, mwombe mama aandae mahali pa kulala umeegemea, nusu kukaa, mito nyuma na mmoja chini ya kiwiko, kwa sababu wiki za mwanzo kulala chali kabisa kunauma kuliko mshono. Shati za vifungo, siyo za kuvalia kichwani. Jifunze kutumia mkono wa kushoto kuanzia sasa, chooni, mezani, kufunga mkanda. Mazoezi hayo unaweza kuyaanza leo jioni.

Na injini usiiuze kabla hujakaa na daktari.